Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Mahakama Iliyodumu Kazini Kuliko Zote

SWALI: Mzee wetu wa ukurasa huu, pokea salamu kutoka Kamalondo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Profesa wetu ametupa kazi ya kutafuta ni nyumba gani ya mahakama, kati ya zile za kihistoria, ambayo imetumika kwa muda mrefu zaidi bila kukatizwa. Nimetafuta kwenye simu kwa siku tatu, na kila nifunguapo ninakuta jibu jingine: huku wanasema ni nyumba ya Virginia, Marekani, ya mwaka 1725, kule wanataja ngome za Uingereza, wengine wanaapa kwamba ni Paris. Nani anasema kweli, nami nianzie wapi ili wenzangu wasinicheke siku ya kuwasilisha?

JIBU: Mwanangu, hao uliowasoma hawadanganyi. Kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, na sioni hata mmoja anayejibu lile la profesa wako. Kabla hujaandika jina la mji wowote, likate swali hilo vipande uone ndani yake mna nini.

Lugha yetu yenyewe inachangia kutuchanganya. Neno mahakama tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko umbo lake ni la jina la mahali, yaani pale panapohukumiwa. Sisi tumelipanua. Tukisema mahakama imeamua, hatuna maana kwamba kuta zimeamua, na tukisema mahakama imepakwa rangi, hakuna anayedhani majaji ndio waliopakwa. Neno baraza nalo lilipita njia hiyo hiyo: mwanzoni lilikuwa kibao cha mawe mbele ya nyumba, walipokaa wazee kuzungumza, kisha likawa jina la kikao chenyewe, hata kama kikao hicho kinafanyika chini ya mwembe. Kwa hiyo mtu anapokuambia mahakama fulani ina miaka 800, muulize kwanza kama anasema juu ya chombo cha sheria, juu ya kiwanja, au juu ya paa na kuta.

Profesa wako ameuliza juu ya nyumba. Akaongeza kwamba nyumba hiyo iwe imetumika bila kukatizwa, na nijuavyo mimi, kiambishi -me- kikikaa hapo, kazi inaendelea hata leo. Sharti hilo moja tu linawaondoa wagombea wenye majina makubwa.

Wa kwanza kuondoka ni Westminster Hall ya London. Ukumbi huo ulijengwa na mfalme William wa Pili kati ya 1097 na 1099. Zama zile mahakama ya mfalme ilikuwa ikimfuata mwenyewe popote aendapo, na mdai maskini alilazimika kuikimbiza kutoka mji hadi mji. Ndiyo maana Magna Carta, ile hati ya haki ya mwaka 1215, iliweka sharti kwamba mashauri baina ya raia na raia yasikilizwe mahali palipowekwa maalumu. Mahali hapo pakawa Westminster. Mahakama kuu kadhaa zilikaa ndani ya ukumbi mmoja, zikitenganishwa na vizuizi vya mbao tu, huku wachuuzi wa vitabu na nguo wakiwa na vibanda vyao kandokando ya kuta, kiasi kwamba wakili aliyekuwa akitetea kesi alishindana kwa sauti na mwenye kuuza kofia. Mfalme Charles wa Kwanza alihukumiwa humo mwaka 1649. Lakini mwaka 1882 majaji walihamia jengo jipya la mtaa wa Strand, na tangu hapo ukumbi huo una historia ndefu ya sheria ambayo haiongezeki tena.

Waliokutajia Paris wanazungumzia kiwanja. Katika kisiwa cha Cité, palipokuwa ikulu ya wafalme, ilijikita tangu karne ya 13 Parlement ya Paris, ambayo licha ya jina lake ilikuwa mahakama wala si bunge. Mapinduzi ya Ufaransa yaliifuta mwaka 1790, lakini kuta hazikupumzika: Mahakama ya Mapinduzi ilikaa humo humo, na ndipo malkia Marie-Antoinette alipohukumiwa kifo mwezi wa Oktoba 1793. Moto uliunguza sehemu za jengo mwaka 1776, ukarudi mwaka 1871 wakati wa Komyuni ya Paris, yaani maasi ya wenyeji wa mji huo, hivyo sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni anakipiga picha leo ni kazi ya mafundi wa karne ya 19. Mwaka 2018 mahakama ya ngazi ya mwanzo ilihamia jengo refu jipya la Batignolles. Ile ya rufaa ikabaki kisiwani, pamoja na Cour de cassation, mahakama ya juu inayopitia hukumu za nyingine, ambayo sisi pia tunayo ya kwetu Kinshasa. Katika ardhi ile watu wamehukumiwa kwa zaidi ya miaka 700. Nyumba ni hadithi nyingine.

Tukija kwenye ngome za Uingereza, mbili zinatajwa mara nyingi. Ya Lancaster ina mahakama inayoketi hadi sasa, na wengi hukumbuka kesi ya wale walioitwa wachawi wa Pendle iliyosikilizwa ndani ya ngome hiyo mwaka 1612. Hata hivyo vyumba vinavyotumiwa na majaji leo vilijengwa mwishoni mwa karne ya 18, kwa hiyo usiandike kwamba jaji wa leo anakaa katika chumba kile kile. Ya Oakham ndiyo inayonivutia zaidi. Ni ukumbi wa mawe wa kati ya miaka ya 1180 na 1190 hivi, katika mji mdogo sana, na wenyeji wanahesabu mashauri yaliyosikilizwa humo kuanzia mwaka 1229. Ukutani vimetundikwa viatu vya farasi zaidi ya 200, vingine vikubwa kama meza, kwa sababu desturi inamtaka kila lodi anayepita mji huo kwa mara ya kwanza aache kimoja. Vyote vimetundikwa ncha zikitazama chini.

Hapo ndipo profesa wako atakapokubana. Majaji wa mzunguko walikuwa wakifika katika miji kama hiyo mara chache kwa mwaka, na mfumo huo wa mizunguko ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1971, mahakama zikapewa jina jipya kuanzia tarehe 1 Januari 1972. Siku hizi kikao cha Oakham ni nadra. Je, nyumba inayofunguliwa kwa nadra imetumika bila kukatizwa? Fikiria lile kanisa la tawi kijijini, ambako padre hufika mara mbili kwa mwaka: waumini wake hawatakubali uwaambie kanisa lao halitumiki, lakini paroko wa mjini anayeadhimisha misa kila asubuhi ataona unamdhulumu ukiweka makanisa hayo mawili kwenye mizani moja. Mimi ninaona kwamba Oakham inashinda kama maana ya kukatizwa ni kuhamishwa, na inashindwa kama maana yake ni kukaa kimya kwa muda mrefu. Chagua maana yako, iandike katika ukurasa wa kwanza wa kazi yako, kisha usiibadilishe katikati.

Nyumba ya Virginia uliyoisoma ni ile ya kaunti ya King William, ya matofali, inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1725, na Wamarekani wengi huitaja kuwa ndiyo kongwe zaidi nchini mwao kwa matumizi yasiyokatizwa. Hutajwa pia ile ya kaunti ya Chowan, katika mji wa Edenton, North Carolina, ya mwaka 1767, na ile ya Johnstown katika jimbo la New York, ya mwaka 1772. Ukizisoma sifa hizo vizuri utaona kila moja imefungiwa mpaka: kongwe katika nchi, kongwe katika jimbo. Mpaka huo ukidondoka njiani wakati watu wananakiliana, bibi wa Marekani mwenye miaka 300 anageuka kuwa bibi wa dunia nzima.

Ningelazimishwa kutaja jina moja tu, kwa maana ya nyumba moja, mahakama ya ngazi ya juu, na kazi ya kila siku hadi leo, ningeiweka mbele Parliament House ya Edinburgh. Ilikamilika mwaka 1639 kwa ajili ya Bunge la Scotland, na mahakama kuu ya madai ya nchi hiyo, Court of Session, iliyoundwa mwaka 1532, ikapewa nafasi humo. Muungano wa mwaka 1707 ulilimaliza bunge hilo. Wabunge wakaondoka, majaji wakarithi nyumba. Uso wake wa nje ulibadilishwa mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo anayeitazama kutoka barabarani huipa umri mdogo kuliko ilio nao, lakini ukumbi wenye paa la mbao za mwaloni ni ule ule, na mpaka leo mawakili hutembea ndani yake wawili wawili, kwenda na kurudi, wakizungumzia kesi kwa sauti ya chini ili sikio la tatu lisipate nafasi.

Kwa kuwa sheria zetu zilikuja kwa meli za Ubelgiji, wenzako watakuuliza pia juu ya huko. Jengo maarufu la Brussels halimo katika mashindano haya kwa umri: lilijengwa kati ya 1866 na 1883. Lilichomwa moto Septemba 1944, na kuanzia miaka ya 1980 lilizungukwa na jukwaa la mafundi, ambalo lilikaa muda mrefu hadi lenyewe likahitaji kukarabatiwa. Ya kutazamwa ni ikulu ya maaskofu watawala wa Liège, iliyoanza kujengwa mwaka 1526, ambayo hadi leo inagawanywa kati ya mahakama na utawala wa mkoa. Barani kwetu kuna mtego mwingine, wa nyumba iliyo na umri mkubwa kuliko kazi yake. Slave Lodge ya Cape Town ilijengwa mwaka 1679 kuwafungia watumwa, ikawa Mahakama Kuu kuanzia 1815 hadi 1914, na leo ni makumbusho. Mahakama ya kale ya Mombasa, karibu na Fort Jesus, ilijengwa mwaka 1902, nayo pia imeshawaaga majaji.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikuwa grefie, yaani karani wa mahakama, katika tribinali moja ya jimbo letu hadi nilipostaafu. Mwaka mmoja paa lilivuja tukalazimika kuhamishia vikao katika ukumbi wa jirani kwa miezi mingi, halafu tukarudi. Nikisikia watu wakisema "bila kukatizwa" ninajiuliza kama miezi ile inafuta miaka yote iliyotangulia. – Mama wa Kampemba.

JIBU: Mama yetu, heshima kwako, maana bila makaratasi ya watu wa kazi yako mimi nisingekuwa na la kuandika hapa. Sidhani kama paa linalovuja linafuta kitu. Nyumba haikatizwi na fundi. Inakatizwa na mahakama kuwa na anwani nyingine. Wakati ule mlipohamia kwa jirani, je, hati za kuwaita watu zilitaja ukumbi wa jirani kana kwamba ndio nyumbani, au mlibandika tangazo mlangoni kuwaelekeza? Na je, ofisi yenu ya grefe, pamoja na madaftari na mihuri, ilibaki chini ya paa la zamani? Ikiwa madaftari yalibaki na nia ya kurudi ilikuwa imeandikwa, mimi ningehesabu miaka yenu kuwa mfululizo na kuweka maelezo mafupi pembeni.

Lakini kuna mambo makubwa kuliko paa. Four Courts, nyumba ya mahakama ya Dublin, iliyojengwa kati ya 1786 na 1802, ililipuka mwezi wa Juni 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland. Ofisi ya kumbukumbu za taifa ilikuwa katika eneo hilo hilo, na hati za karne nyingi zilipeperuka angani zikiwa majivu. Majaji walihamia Dublin Castle, wakakaa huko kwa miaka mingi kabla ya kurejea katika jengo lililojengwa upya. Hapo mimi ninakata hesabu na kuanza upya, hata kama nguzo na kuba vinafanana na vya zamani. Kule Rennes, Ufaransa, jengo lililoanza kujengwa mwaka 1618 na kupokea Parlement ya Bretagne mwaka 1655 liliungua usiku wa tarehe 4 kuamkia tarehe 5 Februari 1994, baada ya maandamano ya wavuvi; kuta zilisimama, paa lilikwenda, na mahakama ya rufaa ilirudi mwaka 1999. Rennes inanipa taabu zaidi kuliko Dublin. Miaka 5 ni mingi kwa nyumba, lakini ni kidogo mno mbele ya karne tatu na nusu, na mahakama ile haikuwahi kusema kwamba makao yake yamehama. Ningeandika "kwa kukatizwa mara moja", na nisingeona aibu.

Na wakati wa korona, mwaka 2020, Scotland iliwakalisha wazee wa baraza la mahakama katika kumbi za sinema, wakiifuata kesi kwenye skrini, huku jaji na mshtakiwa wakiwa katika chumba cha mahakama kama kawaida. Huo si uhamisho. Jaji alikuwa nyumbani. Waliokuwa nje ni wasikilizaji.

SWALI: Tuache ya Wazungu. Mimi niko Likasi. Ninataka kujua mahakama ya mji wetu imekaa katika nyumba yake kwa miaka mingapi, na Kongo nzima ni ipi iliyotangulia. Mtu wa kawaida, asiye profesa, anafanyaje utafiti huo?

JIBU: Ndugu yangu wa Likasi, tuyaache. Ila ujue kwamba kwetu kazi ni fupi kwa miaka na ndefu kwa majina.

Mipaka yako ni hii. Mahakama za kwanza za dola, zile zilizofuata kuundwa kwa Dola Huru ya Kongo mwaka 1885, zilikuwa Boma, uliokuwa mji mkuu kabla ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuchukua nafasi hiyo miaka ya 1920. Huku kwetu mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, uliundwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika, kwa hiyo mtu akikuonyesha nyumba ya mahakama ya Lubumbashi yenye miaka 150, mshukuru kwa ukarimu wake. Kama chombo cha sheria, mahakama ya rufaa ya Lubumbashi ni kati ya zile zenye heshima ya umri, kwani katika miongo mingi ya ukoloni zilikuwepo mbili tu katika koloni zima, moja Léopoldville na nyingine hapa. Na usisahau kwamba watu walihukumiana kabla ya hapo, mbele ya mababu na machifu, bila nyumba. Mahakama hizo za kimila ziliwekewa kanuni na serikali ya kikoloni kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926, na nyingine ziliendelea kuketi barazani kwa chifu kwa vizazi. Profesa wa kijana wetu wa Kamalondo hakuzihesabu kwa sababu aliuliza juu ya kuta.

Sasa majina. Likasi iliitwa Jadotville. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, Costermansville ilikuwa imeshakuwa Bukavu, na Katanga ikaitwa Shaba kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudishiwa jina lake mwaka 1997, kisha mwaka 2015 ikagawanywa kuwa mikoa minne. Mahakama zenyewe zilipangwa upya kwa sheria za mwaka 1968, mwaka 1982 na mwaka 2013, na kila mara tribinali iliweza kubadili jina au ngazi bila jaji kuinuka kitini. Kwa hiyo ukitafuta "Tribunal de grande instance ya Likasi" katika karatasi za 1955 hutaipata, nawe utadhani nyumba ilikuwa tupu. Andaa kwanza orodha ya majina yote ambayo mji, mkoa na mahakama viliwahi kuitwa, kisha ndipo ufungue daftari.

Katika madaftari, watu wengi hukimbilia hukumu. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo ujanani, nikapoteza wiki nzima katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikisoma hukumu baada ya hukumu kwenye chumba ambacho mchwa walikuwa wamenitangulia kusoma. Utaona kila hukumu inaanza kwa maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba tribinali ya mahali fulani, "y séant et siégeant", imetoa uamuzi ufuatao. Maneno hayo yanakuambia mahakama iliketi katika mji huo. Hayakuambii iliketi katika nyumba gani. Hukumu elfu moja za mji mmoja zinaweza kuwa zilisomwa katika nyumba tano tofauti, nawe usijue.

Hati inayojua nyumba ni ile ya kumwita mtu. Anayeitwa sharti aambiwe aende wapi, siku gani na saa ngapi, vinginevyo atasema hakuona mlango, na shauri litaahirishwa. Ndiyo maana hati ya kuitwa, ile inayoletwa na wisie, mjumbe wa mahakama, hadi mlangoni pako ukiwa bado unakula, humwamuru mtu afike mbele ya tribinali "au local ordinaire de ses audiences", yaani mahali pake pa kawaida pa vikao, na mara nyingi inaendelea kutaja jengo na barabara. Hapo ndipo penye dhahabu yako. Ukipata hati moja kwa kila miaka michache, zote zikitaja jengo moja, umeshaonyesha matumizi yasiyokatizwa kwa nguvu kuliko picha yoyote ya nguzo. Na ukikuta hati mbili zinazofuatana zikitaja barabara mbili, usiseme mara moja kwamba mahakama ilihama. Barabara nyingi za miji yetu zilibadilishwa majina baada ya uhuru na tena wakati wa Mobutu, kwa hiyo weka ramani ya zamani kando ya mpya uone kama ni kona ile ile.

Hati hizo utazipata wapi? Nyingine zipo katika faili za grefe, na huko utahitaji kibali cha mkuu wa mahakama, subira, na kitambaa cha kufunika pua. Lakini kuna njia ambayo watu hawaifikirii. Mtu anayeitwa akiwa hana makazi yanayojulikana, wito wake hubandikwa mlangoni pa mahakama na kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Fungua Journal Officiel, sehemu ya matangazo ya mahakama, utakuta wito mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa na anwani ya tribinali iliyoutoa. Baada ya uhuru gazeti hilo lilitangulia kuitwa Moniteur Congolais, na kabla ya uhuru lilikuwepo Bulletin Officiel, ambalo litakufaa zaidi kwa tarehe za kuanzishwa kwa mahakama. Taasisi ya Kumbukumbu za Taifa iko Kinshasa, na hati nyingi za utawala wa kikoloni ziko Brussels. Kwa miaka ya ukoloni, magazeti ya Élisabethville yaliandika habari za kesi na za majengo mapya, na Revue juridique du Congo belge, lililochapwa mjini humu, lilikusanya hukumu, ingawa kwa kazi yako lina udhaifu ule ule niliokwisha kuutaja.

Kisha nenda kwa wazee, lakini usiwaulize nyumba ina miaka mingapi. Mzee ukimuuliza umri wa jengo atakupa namba ili akuridhishe. Muulize alikwenda kushuhudia kesi ya nani, alikaa wapi, aliingilia mlango upi, walikuwa wakifunga baiskeli wapi. Mambo hayo hayatungwi kirahisi, na tukio la familia, kama ndoa, mirathi au kifo, litakupa mwaka. Mtu mmoja alinieleza mti wa jakaranda ambao wadai waliusubiria chini yake kabla ya kuitwa. Nilipotafuta picha ya zamani ya jengo nililokuwa nikilichunguza, hapakuwa na mti wowote, na hapo nikajua kwamba kumbukumbu yake ilikuwa ya nyumba nyingine, iliyotangulia.

Usidharau karatasi zilizotoroka. Niliwahi kununua karanga sokoni, nikakuta zimefungwa katika ukurasa wa daftari la vikao, wenye tarehe, namba za kesi na saini ya grefie. Nilizila karanga zile polepole sana, nikarudi kumuuliza mama muuzaji kama ana kurasa zaidi. Alikuwa nazo 11. Hakujua zilitoka wapi, nami sikumlaumu, maana aliyezitupa si yeye.

Kwa Likasi, anza na sanduku la nyumbani. Familia nyingi za wafanyakazi wa migodi na reli zilihifadhi hati za kesi za viwanja na mirathi, kwa kuwa waliogopa kwamba siku moja jirani atadai mpaka. Ukiipata moja, soma mstari unaotaja mahali pa kufika, uunakili neno kwa neno pamoja na tarehe, kisha utafute nyingine iliyo mbali nayo kwa miaka 10. Ukitutumia picha za hati mbili za namna hiyo tutazichapisha katika ukurasa huu, baada ya kufunika majina ya walioitwa.